Masika ya kwanza kwenye nyumba mpya ya shamba, pwani ya Tanga

Nilihamia kijijini mwezi wa Januari, upande wa barabara ya Pangani, ukishaipita Tongoni. Kaskazi ilikuwa inavuma, jua kali, ua umekauka kama sahani. Kila aliyekuja kunitembelea kutoka Dar alisema nimepata mahali pa kupumzika. Aprili ikanikuta nimekaa juu ya meza saa tisa usiku, nahesabu ndoo. Mwongozo huu ni wa yule atakayehamia kama nilivyohamia mimi: mtu wa mjini, nyumba mpya au ya kununua, kijishamba pembeni, na hajawahi kulala masika mazima nje ya mji.

Kabla ya yote, usimalize hela zako za matengenezo kabla ya mvua. Zigawe mafungu mawili. Fungu dogo litumie Februari kwa yale yanayoweza kuua au kubomoa. Fungu kubwa lifiche mpaka Juni. Nyumba usiyoilalia mvua huijui, na fundi wa kiangazi naye anakisia tu. Mimi nilimwaga pesa kwenye rangi na baraza, maji yakaja kuingilia juu ya mlango wa jikoni, mahali ambapo sikuwahi hata kupatupia jicho.

Hatua ya 1: Ujue upepo kabla hujaijua mvua

Huku pwani mwaka husomwa kwa upepo. Kaskazi hushika Desemba hadi Machi. Kati ya Machi na Aprili upepo hugeuka, ukaja kusi, na huo unakaa nao mpaka Septemba. Masika ni Machi hadi Mei, na kwa Tanga mara nyingi Mei ndio mwezi wenye maji mengi kuliko yote, kwa hiyo Aprili ikiisha usishangilie. Baada yake ni kipupwe, Juni hadi Agosti, baridi ya pwani na upepo usiochoka, na ndani yake hupenya mvua fupi za mchoo. Vuli huja Oktoba hadi Desemba.

Kwa nyumba, maana yake ni hii: mvua ya masika ikisukumwa na kusi haiji wima. Inakuja mshazari, kutoka kusini na kusini-mashariki, nayo hupiga ukuta kama mtu anayemwaga maji kwa karai. Wanamaji wana majina ya jambo hili: upande unaotoka upepo ni goshini, upande wa pili ni demani. Nyumba nayo ina goshi yake. Simama uani, uangalie minazi imelalia wapi (ile ya zamani imepindishwa na miaka ya kusi), utajua. Kuni, mkaa, banda la kuku na mlango unaotumika usiku viwe demani. Dirisha la goshini lisilo na kioo litafutiwe kifuniko cha mbao chenye komeo la ndani. Pazia halizuii kitu.

Hatua ya 2: Kamwulize jirani mzee

Hii hatua watu wa mjini huiruka. Mimi niliiruka pia. Mwezi wa tatu, bibi wa nyumba ya pili alipita akaniona napigilia banda la kuku, akasimama kwanza, akasalimia, akaulizia watoto wote, ndipo akasema, "Mwanangu, kuku wako wanajua kuogelea?" Kumbe nilikuwa nimejenga katikati ya njia ya maji. Kiangazi haionekani, ni mchanga tu wenye majani makavu. Ikinyesha siku mbili mfululizo, maji yote ya mikorosho ya juu hushukia hapo.

Nenda jioni baada ya alasiri, na kilo ya sukari mkononi. Usiende na daftari kama mtu wa sensa. Piga hodi, kaa, kunywa chai, maswali yatajileta yenyewe: mwaka wa elnino, yaani 1997 kwenda 1998, maji yalifika wapi? Mti gani uliwahi kuanguka? Njia ipi hukatika, na kwa siku ngapi? Nyoka hutokea upande gani? Kijana gani wa bodaboda hapa anaweza kupita tope usiku akiwa na mgonjwa? Swali hilo la mwisho uondoke na jina na namba ya simu.

Hatua ya 3: Februari, anza na paa

Ingia ndani ya nyumba saa sita mchana jua likiwa kali, funga milango na madirisha yote, tazama juu. Kila kitobo kitajionyesha kwa nukta ya mwanga. Ikiwa una dari, panda juu ya dari na tochi iliyozimwa. Kipimo hiki ni cha bure na kinashinda kumwagia bati maji kwa mpira.

Upepo hauanzi katikati ya paa. Huanza pembeni, kwenye ukingo na kwenye kofia ya juu, ukiingiza kidole chini ya bati na kulibandua. Kwa hiyo misumari ya safu za ukingoni ndiyo ya kukagua kwanza. Msumari wa bati hupigwa kwenye mgongo wa mkunjo, siyo bondeni ambako maji hupita, na uwe na raba yake. Ukikuta msumari umepanda juu, usiugonge urudi palepale, tundu limeshalegea. Ung'oe, upige mwingine pembeni kidogo, tundu la zamani liziibwe. Kisha uulize swali ambalo fundi wengi hawalipendi: kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, zimefungwa kwenye ukuta kwa kitu gani? Nyumba nyingi huku kenchi zimekalishwa tu juu ya tofali zikashikwa na uzito wake. Zifungwe kwa waya au nondo iliyozama kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta. Hii iingie kwenye fungu la Februari hata kama rangi itasubiri mwaka mwingine.

Ukinunua bati jipya, geji (namba ya unene) ndogo ndiyo nene: 28 ni nzito kuliko 30, na 30 kuliko 32. Karibu na bahari, chumvi hula bati jembamba haraka, na msumari hutangulia kuliwa kabla ya bati lenyewe.

Paa la makuti lina sheria zake. Likiwa limelala, litavuja hata yakiwa mapya. Linataka mteremko mkali ili maji yakimbie kabla hayajapenya. Badilisha yaliyooza sasa, kwa sababu masika yakishaanza kila mtu atakuwa anatafuta makuti. Tazama pia kamba na fito za goshini, maana kusi huyachambua makuti kama mtu anayemnyonyoa kuku.

Kisha miti. Mwite mkwezi aangue nazi zilizokomaa na makuti makavu kwenye kila mnazi ulio karibu na paa au njia ya watoto. Nazi moja inatoboa bati, kichwa tusikitaje. Mnazi ulioelemea upande wa nyumba, na mizizi yake imeanza kuonekana, ukatwe ukiwa bado unasimama kwa hiari yako.

Mwisho mitaro, na hapa nina kesi ya kujibu. Nilichimba mtaro mzuri sana nyuma ya nyumba, ulionyooka, na mvua ya kwanza ukapeleka maji yote kwenye mihogo ya jirani. Hakugomba. Alikuja asubuhi na muhogo mmoja uliooza akauweka barazani kwangu, akaondoka. Nilichimba upya wiki nzima. Fuata njia ya maji ya zamani aliyokuonyesha bibi, na umalizie mtaro mahali ambapo maji yalikuwa yakiishia tangu zamani, siyo kwenye mpaka wa mwenzio. Kuzunguka nyumba, udongo uteremke kutoka ukutani kwenda nje, kama sentimita tano kwa kila mita, kwa mita mbili za mwanzo. Mdomo wa choo cha shimo uinuliwe juu ya ua. Kisima kiwe mbali na choo, mita 30 na zaidi, na kiwe upande wa juu wa mteremko.

Ukiwa na gata na tangi, masika yatakulipa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 8 kwa 10 likinyeshewa milimita 20 linakusanya lita 1,600, na hata ukitoa zinazomwagika na kuruka, zaidi ya lita elfu moja zinaingia kwenye tangi kwa usiku mmoja. Mvua ya kwanza ya msimu iache imwagike chini. Hiyo inaosha vumbi, majani na mavi ya kunguru.

Hatua ya 4: Ghala la wiki moja

Wenyewe husema Tanga ni waja leo waondoka leo. Masika, kwenye barabara za vumbi, waja leo huondoka Ijumaa ya pili. Weka chakula cha siku saba au kumi: unga, mchele, maharage, mafuta, na ng'onda (samaki wakavu), maana kusi likichafua bahari, samaki wabichi hupungua na bei hupaa. Gesi iwe na akiba ya mkaa mkavu. Dawa za kila siku za mzee au mtoto ziwe za mwezi. Nunua umeme wa LUKU kabla mtandao haujakatika, na uwe na noti ndogo ndogo, kwa kuwa wakala wa pesa kwa simu bila mtandao ni mtu tu aliyekaa kibandani. Mabuti ya mpira jozi mbili. Neti zisizo na matundu.

Hatua ya 5: Jifunze kusoma tahadhari

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa kila siku utabiri wa hali mbaya ya hewa kwa siku tano, kwa rangi. Njano ni angalizo, rangi ya machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Usome maneno, usiishie kwenye rangi: upepo mkali na mawimbi ni habari ya mwenye ngalawa na mwenye bati, mvua kubwa ni habari ya mwenye mtaro. Kwangu mimi njano ni kuingiza kuni na kuchaji simu. Machungwa ni kutosafiri. Nyekundu tunalala kwa jirani mwenye nyumba ya tofali na lenta, na tulishakubaliana naye mapema.

Soma kabla ya magharibi. Pwani mvua nyingi ya masika hupenda kunyesha usiku wa manane na alfajiri, na ikishaanza juu ya bati husikii redio hata ukiibana sikioni.

Watu huuliza kuhusu kimbunga. Tanga iko kwenye latitudo ya nyuzi 5 hivi kusini, na vimbunga vya baharini ni vigumu kujijenga karibu hivyo na ikweta, kwa hiyo hatuko mahali pabaya. Ila usiseme havipo. Aprili 1872 dhoruba iliipiga Zanzibar ikalaza mikarafuu ya Unguja, 1952 kimbunga kilifika Lindi, na Mei 2024 Hidaya alikuja mpaka Mafia kabla ya kunyong'onyea. Ukisikia jina la kimbunga kwenye taarifa, wenye nyumba za ufukweni waangalie na mwezi. Mwandamo na mwezi mpevu ndipo kuna bamvua, yaani maji makubwa ya kupwa na kujaa, na bamvua ya kujaa ikikutana na upepo wa baharini, maji hupanda mpaka mahali ambapo siku za maji mafu ungetandika mkeka.

Hatua ya 6: Usiku wenyewe

Ukiona radi, hesabu mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ikiwa hujafika 30, ingia ndani, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ndani maana yake nyumba yenye kuta. Dungu la shambani na kibanda cha makuti kisicho na ukuta havihesabiki. Chini ya mwembe ndiko pabaya zaidi, na ndiko kila mwenye bodaboda anakokimbilia.

Chomoa friji, televisheni na chaja kabla radi haijakaribia. Huku kwetu wanafunika vioo kwa kanga na kuvua nguo nyekundu. Bibi akikwambia ufunike, funika, haikupunguzii kitu, ila chomoa friji kwanza. Usioge, usishike bomba, usiegemee dirisha.

Sogeza vitanda mbali na ukuta wa goshini. Vyeti, hati ya kiwanja na vitabu vya watoto viwe ndani ya ndoo yenye mfuniko, siyo kabatini. Ndoo zikikuishia, sufuria ni ndoo. Usipande juu ya paa usiku hata kama bati linapiga makofi. Bati likianza kubanduka, wote muingie chumba kidogo cha katikati, chenye kuta nyingi na paa fupi. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa ajili ya joto, nitalirudia hilo mbele.

Na uwe na kipande cha mkaa mfukoni. Kila mahali tone linapoingia, chora alama ukutani chini yake na tarehe. Asubuhi hutakumbuka, na kwenye kiangazi ukuta wote utaonekana mzima. Mimi nilimaliza masika na alama tisa, na zile tisa ndizo zilizoniambia pesa ya Juni iende wapi.

Hatua ya 7: Asubuhi yake

Toka na mabuti na fimbo. Waya wa umeme ulioanguka, hata ukionekana umekufa, weka watoto mbali nao, na dimbwi lililougusa nalo pia. Piga simu TANESCO. Moto au mtu aliyenaswa, Zimamoto ni 114.

Kabla ya kuvaa kiatu, kikung'ute. Nge na tandu hutafuta pakavu kama wewe. Nyoka naye shimo lake limejaa maji, utamkuta kwenye kuni au nyuma ya pipa, kwa hiyo usiingize mkono mahali macho hayajaingia. Siafu wakija, usipigane nao usiku: toa kuku na watoto, weka majivu mengi kwenye miguu ya vitanda, wapishe. Wakiondoka utakuta wamekula mende wote. Kumbikumbi ni habari njema. Zima taa za ndani, acha moja ya nje juu ya beseni la maji, na mwenye kikaango aandae kikaango.

Maji ya kisima baada ya mafuriko yachemshwe mpaka yatokote vizuri, hata kama yanaonekana meupe. Choo kilichojaa maji kinaongea na kisima, na kipindupindu hakiangalii rangi.

Mto usioiona chini yake usiuvuke. Maji ya magotini yakikimbia yanamwangusha mtu mzima, na gari dogo halihitaji mengi zaidi ya hapo. Mto Sigi au kijito kisicho na jina, hesabu ni ileile. Vijito hushuka haraka kama vilivyopanda. Mara nyingi kusubiri ni nusu siku.

Hatua ya 8: Kipupwe, na fungu la Juni

Juni mvua hupungua, usiku hupoa hadi nyuzi 20 hivi, na mtu wa pwani huvaa sweta. Ukiwa umehamia milimani, Lushoto na jirani zake, hapo baridi ni baridi kweli: blanketi mbili, ukungu mpaka saa nne asubuhi, na tope la mteremko linaloteleza hata bila mvua. Huko ndiko watu hulala na jiko la mkaa chumbani. Moshi wake usioonekana wala kunuka unaua watu usingizini. Pasheni chumba mkiwa macho na dirisha wazi, kisha jiko litoke nje kabla hamjalala.

Ukutani utakuta ukungu mweusi kwenye ukuta wa goshini. Usiupake rangi juu. Usugue, uache ukuta ukauke wiki kadhaa kwa upepo wa kipupwe, ndipo upake. Magodoro yatoke juani kila jua linapojitokeza.

Sasa mwite fundi na umwonyeshe alama zako za mkaa. Utashangaa: mara nyingi tundu haliko juu ya alama. Maji huingilia mahali, yakatembea juu ya ubao wa kenchi mita mbili au tatu, ndipo yakadondoka. Apande afuate ubao kutoka kwenye alama kwenda juu. Ukuta wa goshini uongezewe ukingo wa paa, lakini usizidi sana, ukingo mrefu upepo huugeuza tanga.

Malipo yagawe. Mpe fundi sehemu kubwa akimaliza, na kiasi kingine baki nacho mpaka mvua za mchoo zipite, na mkubaliane hivyo tangu mwanzo mbele ya shahidi. Kwangu mchoo wa mwaka ule ulikuja Agosti, siku tatu. Katika alama tisa, moja tu ilivuja, ile ya juu ya mlango wa jikoni. Fundi nilimwona kesho yake asubuhi kabla sijampigia simu, amebeba ngazi begani.